Maoni ya Wanawake Arobaini

Mhakiki hakuzaliwa na jina hilo. Alilozaliwa nalo lilikuwa zuri tu, la bibi yake mzaa baba, lakini alipokwisha kukaa bwenini wiki mbili wenzake watatu wa chumba walichoka wakambatiza upya. Walichoka kwa sababu binti huyu alikuwa na maoni. Utasema kila mtu ana maoni, na ni kweli, ila ya mwenzetu yalikuwa hayalali. Ukisuka nywele, anakueleza utumwa wa akili. Ukizinyoa, anakwambia umeiga wanamitindo. Ukifua huku unasikiliza wimbo wa mapenzi, anakuja kusimama mlangoni mikono kiunoni na kukuuliza kama umewahi kufikiri yule msichana wa kwenye wimbo ametajwa mara ngapi kwa jina na mara ngapi kwa kiuno. Mwenzake mmoja aliyekuwa akisomea hesabu alikaa siku moja akahesabu kweli: kwa jina mara sita, kwa kiuno mara mbili. Mhakiki alimjibu kwamba si kila kitu hupimwa kwa hesabu.

Usidhani alikuwa mjinga. Kichwa alikuwa nacho. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea elimu ya jamii, na alama zake ziliwapita wengi. Kila Jumapili jioni aliandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, akichambua nyimbo mpya, filamu, harusi za watu maarufu, kope za bandia, na wachekeshaji wa kiume ambao bila kuvaa gauni hawachekeshi. Wasomaji wake walikuwa mia mbili na kumi na mmoja. Kumi na tisa kati yao walikuwa binamu zake, nao walikuwa hawasomi. Walibonyeza tu alama ya kupenda ili wasije wakaulizwa ukoo ukikutana. Andiko lake lililosomwa kuliko yote lilikuwa la kulaani wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa kila kona mwaka ule. Aliuita sumu ya masikio. Wenzake wa chumba wanasema sumu hiyo aliijua ubeti kwa ubeti, na akiwa bafuni, maji yakimwagika, aliiimba mpaka pale kwenye kibwagizo sauti inapopanda, naye akapanda nayo. Nyani haoni kundule.

Lakini nyimbo zilikuwa za kujifurahisha. Adui yake hasa alikuwa tamthilia ya saa kumi. Ilitoka nchi za mbali, ikatiwa sauti za Kiswahili, na kwa miaka miwili ilikuwa ikionyeshwa kila siku ya kazi alasiri. Ilimhusu binti yatima aliyeolewa kwenye nyumba ya matajiri, mume anayeamini kila anachoambiwa, na mama mkwe anayemtesa mkwewe kuanzia kifungua kinywa. Mhakiki alikuwa amepata kuona vipindi vitatu, viwili kati ya hivyo akiwa amesimama mlangoni na begi mgongoni. Aliona vinamtosha kuijua yote.

Alikoviona ni saluni kwa mama yake. Ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye kioo kirefu kilichopasuka pembe moja, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kiliacha kuzunguka zamani, mashine ya kukaushia nywele inayovuma hadi watu wazungumze kwa mikono, na rafu ya makopo ya mafuta yaliyopangwa kwa ukubwa. Juu ya kabati palikuwa na runinga. Asubuhi ilifunikwa kitambaa, na saa kumi kasoro dakika tano mama alikikunja kitambaa mara nne akakiweka pembeni, na hapo hata mteja mwenye haraka alijua haraka yake imekwisha.

Sasa, kusuka kuna kanuni zake. Mtu akisukwa utosini anaona runinga. Akifika kusukwa kisogo, kichwa kinainamishwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na hapo haoni kitu ila vidole vya miguu yake. Kwa hiyo mama alijitwika kazi ya kumsimulia aliyeinama. Ila mama hakuwa mtu wa kusimulia kila upuuzi alioonyeshwa. Pale alipoona watunzi wa tamthilia wamekosea, aliwarekebisha. Siku mume alipompiga yatima kibao na yatima akapiga magoti kuomba radhi, aliyekuwa ameinama alisimuliwa hivi: "Kampiga kibao. Binti kachukua sufuria." Saluni nzima ikaangua kicheko, na wanaoona wakadakia. Sufuria yenyewe ya moto. Kafunga virago, anakwenda kwao. Mmoja akauliza yatima ana kwao wapi, mama akajibu bila kuinua macho: "Kwa shangazi yake. Hamkumwona? Alipita kipindi cha juzi." Walikuwepo wateja waliopanga foleni makusudi ili saa kumi iwakute kisogoni.

Mhakiki aliyaona hayo akiwa mlangoni na begi lake, akarudi bwenini akaandika kwamba mwanamke wa saluni hana silaha mbele ya runinga. Mama yake alibonyeza alama ya kupenda. Halafu akawaonyesha wateja simu, kila mmoja, huku akisema: "Mwanangu huyu. Ameandika mwenyewe."

Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hutakiwa kufanya utafiti na kuandika ripoti, na ripoti isipopita hakuna joho wala kofia. Mhakiki hakuumiza kichwa kutafuta mada: Athari za Tamthilia za Kigeni kwa Fikra za Mwanamke wa Kipato cha Chini. Akatunga dodoso, karatasi yenye maswali kumi na mawili, akatoa nakala arobaini. Msimamizi wake alikuwa mwalimu mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa, ambaye wanafunzi walimdharau kwa kuwa hakuwahi kumkatiza mtu. Aliisoma mada akauliza swali moja.

"Hao wanawake utawapata wapi?"

"Saluni kwa mama, mwalimu."

"Vizuri. Wasikilize."

Mama alipopewa habari alifurahi hadi akasahau dawa kichwani mwa mteja, ikabidi wakimbizane na ndoo ya maji. "Mwanangu anakuja kutuuliza maswali," aliwatangazia watu. "Si maswali ya bei ya vitunguu. Maswali ya chuo." Akampa binti yake daftari la wateja lenye majina, namba za simu, na siku ya kila mmoja kufumuliwa. Kile kiti kisichozunguka akakiwekea mto, akapiga marufuku mtu kukikalia.

Na wateja wakajiandaa. Mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuitukana nusu nyingine, aliandika maoni yake kabisa, kurasa nne mbele na nyuma, akazikunja akazitia kwenye mfuko wa miwani asije akazisahau. Fundi cherehani wa chumba cha pili alisema yeye haandiki, yake yako kichwani na yamekaa kwa mpangilio. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kiti kikakaa na mto wake.

Ukweli ni kwamba Mhakiki alifika siku moja. Alifika siku ya kwanza kabisa, akasimama nje karibu na mlango, madodoso kwapani. Ndani mashine ilikuwa inavuma na watu wanacheka kwa sauti. Akapiga hesabu zake: wanawake arobaini, kila mmoja nusu saa, kelele zote hizi, nami majibu yao ninayajua. Kwa nini mtu ajichoshe kuuliza jambo analolijua? Akageuka akarudi bwenini, na hakuna aliyemwona.

Kazi ilimchukua siku mbili, na tumpe haki yake, aliifanya kwa ustadi. Alitumia kalamu tatu, moja yao ile inayokatakata wino. Madodoso kumi aliyajaza kwa mkono wa kushoto. Mengine aliyakunja pembe, moja akalidondoshea chai, jingine akalipaka mafuta ya nywele ili linukie saluni. Aliwapa watu umri kutoka kwenye daftari la mama na elimu kutoka kichwani mwake. Mkunga, aliyejaza rejesta za wodi miaka thelathini, alijikuta hajui kuandika neno "mwanamke". Swali la nne liliuliza mtu anampenda mhusika gani. Thelathini na wanane walimpenda yatima. Wawili aliwaacha waseme hawajui, maana alikwisha kufundishwa kwamba utafiti ambao kila mtu anakubaliana hutiliwa shaka. Dodoso la mama yake lilikuwa la saba. Alipofika swali la mwisho chai ilikuwa imepoa na mkono unamuuma, akaandika maneno mawili akafungua la nane.

Wiki mbili baadaye mwalimu akamwita ofisini.

"Nimesoma," akasema. "Umeandika vizuri sana." Mhakiki akajiweka sawa kwenye kiti. "Linanisumbua swali la nne tu. Wanawake thelathini na wanane wanampenda yatima?"

"Ndiyo, mwalimu. Kwa sababu mateso yake yanatukuzwa, na wao..."

"Yule anayelia?"

"Huyo huyo."

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Mimi naiangalia ile tamthilia," akasema. "Tangu kipindi cha kwanza. Dada zangu wanaiangalia. Katibu wangu hapo nje, saa kumi humpati hata kwa dawa. Sijapata kukutana na mwanamke anayempenda yule mtoto. Amemsamehe mume wake mara kumi na moja. Watu tuko upande wa mama mkwe."

"Mama mkwe? Si ndiye mbaya, mwalimu?"

"Mbaya, ndiyo. Lakini hati za nyumba ziko kwa jina lake."

Mhakiki akasema pengine wanawake wa kipato cha chini wana mtazamo tofauti, kwa kuwa hali zao, kwa kuwa mazingira yao. Mwalimu hakumkatiza. Alingoja mpaka sentensi ikajifia yenyewe, kisha akasema Ijumaa alasiri ana nafasi, na nywele zake zimemchosha, basi amwandikie saluni ilipo.

Hapo maji yalimfika shingoni. Ripoti mbaya adhabu yake ilikuwa kurudia mwaka. Ripoti ya kughushi adhabu yake ilikuwa kufukuzwa, na karatasi iliyosema hivyo alikuwa ameitia saini mwenyewe mwanzoni mwa muhula.

Ndipo saluni ilipomwona. Alifika Jumatano asubuhi, Mkunga akiwa anafumuliwa nywele na Fundi amekuja kuazima mkasi. Mama alipomwona akakimbilia kile kiti, akapiga mto vumbi. "Karibu mwanangu, kaa! Jamani, amekuja." Mkunga akawa tayari ameingiza mkono kwenye mfuko wa miwani.

Mhakiki akaamkia, akaitikiwa, na hakukaa. Alieleza kwamba madodoso yamekwisha kujazwa kwa makadirio, jambo ambalo kitaalamu linakubalika, ila msimamizi wake anakuja Ijumaa kuthibitisha, na ingefaa watu wote waseme kitu kimoja.

"Makadirio ndiyo nini?" akauliza Fundi.

"Ni... kukisia, shangazi. Kwa utaalamu."

"Mimi nikikisia kiuno cha mtu, gauni linachanika."

"Tuseme nini?" akauliza mama.

"Mseme mnampenda yatima."

Mkunga akageuka, nusu ya kichwa chake kimefumuliwa na nusu bado. "Nimpende kwa lipi? Mimi nimepokea wanawake waliofika wodini macho yamevimba, nikawazalisha, na walipotoka hawakurudi kwa yule mwanamume. Huyu kila siku anabembeleza. Nimpende kwa lipi, binti?"

"Ni Ijumaa tu, bibi. Na mseme mkimwangalia mnasahau shida zenu, mnatamani kuwa kama yeye."

"Kuwa yatima?" akauliza Fundi.

Angalieni wenyewe jambo hilo. Binti aliyeandika miaka miwili kwamba runinga inawalisha wanawake maneno alikuwa amesimama katikati ya saluni anawalisha wanawake maneno, sentensi baada ya sentensi, na wakikosea anawarudisha mwanzo. Mkunga alirudishwa mara tatu. Fundi alisema "natamani kuwa kama yeye" kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka. Mhakiki hakuona kichekesho. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hahakiki kitu.

Mama alimsindikiza hadi nje. "Yasipokwenda vizuri Ijumaa, itakuwaje?"

"Watanifukuza, mama."

Mama akatazama vidole vyake, vilivyoota sugu kwa uzi na nywele za watu. "Basi tutampenda," akasema. Halafu, kama aliyekumbuka jambo dogo: "Na mimi umenikisia nini?"

"Ya kawaida tu, mama."

"Haya. Nenda kasome."

Ijumaa mwalimu alifika saa nane na mkoba wake, akaketi kwenye mto chini, katikati ya magoti ya mama, akasema anataka mistari ya kurudi nyuma, midogo. Mhakiki alisimama kando ya rafu akijifanya anapanga makopo ambayo yalikwisha kupangwa. Maswali yalipoanza, wanawake waliimba somo lao vizuri. Fundi alisema anampenda yatima. Wateja wawili wengine walisema wanampenda yatima. Mkunga alisema anampenda yatima, akafumba macho kama mtu anayemeza mwarobaini. Mwalimu alisema "ahaa" kila mara, wala hakumkatiza mtu.

Saa kumi kasoro dakika tano mama akakunja kitambaa. Saa kumi na robo alikuwa amefika kisogo, na mwalimu kidevu kiko kifuani.

Siku hiyo kwenye tamthilia mume alimletea yatima karatasi. Yatima alikuwa amerithishwa duka na mzee mmoja aliyemhurumia, na mume alitaka duka liandikwe jina lake. Alikuja na maua. Yatima akalia, akamsamehe, ikawa mara ya kumi na mbili, akainua kalamu.

"Usitie saini!" Fundi akapiga kelele. "Wewe mtoto, usitie!"

"Atatia," Mkunga akasema. "Mjinga huyu. Atatia, na kesho atalala nje. Mimi huyu simpendi, sijapata kumpenda, na mnisamehe." Akamtazama Mhakiki. "Nimejitahidi, binti. Nimeshindwa."

Yatima akatia saini. Lakini mama alikuwa na mtu aliyeinama, na mazoea ya miaka miwili hayaachwi kwa sababu ya mgeni. Akainama sikioni mwa mwalimu.

"Kachukua kalamu," akasimulia. "Anaitazama. Anaitazama sana." Akavuta fungu jingine la nywele. "Kaivunja."

"Vipande viwili!" akadakia mteja wa kwenye mashine.

"Karatasi kaichana, maua kampiga nayo usoni."

"Na mama mkwe?" sauti ndogo ikauliza kutoka chini.

"Mama mkwe yuko mlangoni, anapiga makofi. Anasema, hatimaye nimepata mkwe. Sasa njoo nikuonyeshe hati za nyumba zilipo."

Mabega ya mwalimu yalianza kutikisika, na mama akalazimika kushikilia kichwa kwa mikono miwili ili mstari usipinde. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani. Alipotulia, akauliza akiwa bado ameinama: "Mama, wewe ni mshiriki namba ngapi?"

"Sijui, mwalimu. Mimi ni mama yake tu."

"Namba saba. Nakumbuka, ndiye pekee aliyeandikwa msusi. Binti, fungua mkoba wangu, toa la saba. Mimi sioni, na mama mikono yake ina kazi. Tusomee."

Mhakiki alijaribu kusema kwamba majibu ya mshiriki ni siri, kwamba maadili ya utafiti yanakataza.

"Mwenyewe si huyu hapa? Mama, unamruhusu?"

"Asome," mama akasema. "Na mimi nisikie."

Akalitoa. Lilikuwa lile la mafuta ya nywele. Akasoma umri, ukawa sahihi. Akasoma elimu: ya msingi, hakumaliza. "Nilifika kidato cha pili," mama akasema polepole, kama anayemsahihisha mteja aliyekosea siku ya kufumuliwa. Akasoma kwamba namba saba anampenda yatima, anatamani kuwa kama yeye, na hajawahi kuitilia shaka tamthilia. Akafika swali la kumi na mbili: Una maoni gani juu ya nafasi ya mwanamke katika jamii? Akaanza kulirudisha mkobani.

"Jibu lipo?" akauliza mwalimu.

"Lipo."

"Tusomee."

"Sina maoni," Mhakiki akasoma.

Vidole vya mama vikasimama. Runinga ilikuwa imeingia matangazo, mwanamke mmoja anacheka kwa sababu ya sabuni, na Fundi akanyoosha mkono akaizima.

"Hilo nililisema lini?" mama akauliza.

Aibu ilimshika Mhakiki, aibu ya kweli, akalikunja dodoso mara nne kama kitambaa cha runinga. Mama akangoja kidogo, kisha akachukua fungu la nywele akaendelea kusuka, akivuta kwa nguvu kuliko kawaida yake, hadi mwalimu akasema "uuh" kwa sauti ndogo. Hakusimulia tena.

Walipomaliza, mwalimu alimwita Mhakiki nje. "Kwa sheria ningekupeleka kwenye kamati leo hii."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sikupeleki, na usidhani ni kwa ajili yako. Nimekaa magotini pa mama yako kwa saa tatu." Alijigusa mistari kichwani. "Una wiki mbili. Wanawake hao hao arobaini, usibadilishe hata mmoja, na kwa maneno yao. Atakayekataa, andika amekataa na uandike sababu, nayo iwe kwa maneno yake mwenyewe. Likipungua moja lisilo na maelezo, utanikuta kwenye kamati."

Basi Mhakiki akakalia kile kiti kisichozunguka. Mkunga alimchukua alasiri mbili nzima, kurasa nne zile pamoja na nyongeza, na kila alipoona kalamu imesimama aliuliza: "Mbona huandiki?" Fundi alisema nyimbo za viuno hazimkeri hata kidogo, kwa kuwa viuno hivyo anavishonea yeye; kinachomkera ni waimbaji kutangaza mavazi ya ng'ambo. Mama mmoja alisema tamthilia yenyewe hata haifuatilii, anakuja kwa sababu saa kumi ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayemwita. Muuza mkaa alimpenda yatima kweli, peke yake kati ya wote, na alipotoa sababu zake zilikuwa nzito hadi Mhakiki akasahau kuandika, ikabidi amwombe arudie. Wengine walimpuuza. Wengine walimcheka waziwazi, wakamuuliza leo anawakisia nini. Aliyaandika yote, hata matusi.

Kila siku alimwuliza mama yake, na kila siku mama alikuwa na mteja. Kesho, mwanangu. Leo nina vichwa vitatu. Keshokutwa tuone. Alimpa chakula, alimuuliza kama anapata usingizi, na siku moja alimsuka bila kuombwa. Dodoso tu ndilo hakuligusa.

Siku ya mwisho Mhakiki alifika asubuhi na madodoso thelathini na tisa kwenye bahasha na moja mkononi. Saluni ilikuwa tupu. Mama alikuwa anafagia nywele za jana.

"Mama, umebaki wewe."

"Naona."

"Nusu saa tu. Nami nitaandika kila utakalosema."

"Nina kazi, mwanangu."

Viti vyote viwili vilikuwa vitupu na mashine imezimwa. Mhakiki akavitazama, kisha akamtazama mama yake, naye hakugeuka.

"Basi niandike umekataa?"

"Andika."

"Natakiwa niandike na sababu. Kwa maneno yako mwenyewe."

Mama akasimamisha ufagio, akaegemeza mikono juu ya mpini. Hakuwa amekasirika. Alifikiri kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa jambo na anataka kulijibu sawasawa.

"Andika hivi," akasema. "Mwanangu alikwisha kunijibia."

Mhakiki akaandika.

"Umeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Nisomee."

Akamsomea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo alivyosema, akaendelea kufagia.